Bawabu wa Maji

Harufu ya kitunguu saumu hunishtua hadi leo. Mke wangu akianza kukaanga, husikia sauti yangu kutoka sebuleni: "Hiyo ni saumu?" Naye hujibu bila kugeuka, "Ni saumu, baba, kaa." Wageni hudhani ni utani wetu wa nyumbani. Mimi sitanii. Kwa miaka mitano ya ujana wangu harufu ile ilikuwa na maana moja tu: gesi inavuja, zima moto wote, tafuta inapotokea.

Nazungumzia gesi ya kuchomelea, asetilini. Gereji za kwetu hazina haja na jina hilo. Kuna mtungi wa oksijeni na kuna mtungi wa gesi, imetosha. Ikiwa safi kabisa, gesi hii karibu haina harufu. Kinachonuka ni uchafu uliomo kwenye mawe inakotengenezwa, kwa hiyo pua zetu zilikuwa zinalindwa na uchafu. Hilo sikulijua wakati ule. Sikujua mengi, na kutojua kwangu kulilipiwa na jicho la mtu mwingine.

Mwaka 1991 nilimaliza kidato cha nne nikapata majibu ambayo baba aliyakunja mara nne akayatia mfukoni bila neno. Wiki iliyofuata nilikuwa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, kwa baba mdogo. Alikuwa na gereji chini ya mwarobaini: hakuna kibao, hakuna ukuta, mabati sita ya kukinga mvua na sanduku la vyuma lenye kufuli mbili. Alikuwa fundi bodi. Ukimletea Peugeot 404 iliyokunjika ubavu mzima, baada ya siku nne hukuweza kumwonyesha mtu palipokuwa pamekunjika. Ufundi aliupata kwenye karakana ya reli, kwa Kalasinga mmoja ambaye, kwa maelezo yake, alisema maneno kumi kwa siku na saba yalikuwa matusi.

Mtungi wa gesi wa kiwandani tulikuwa nao, mmoja, wa rangi ya damu ya mzee. Ulikwenda kujazwa Dar es Salaam kwa lori la mtu na kurudi siku aijuaye Mungu, kwa hiyo aliuweka kwa kazi za heshima. Kazi za kila siku tulizifanya kwa pipa.

Pipa ndilo lilikuwa kiwanda chetu. Pipa kubwa la mafuta lilikatwa mdomo na kutiwa maji, na ndani yake pipa dogo limepinduliwa kifudifudi. Kando kulikuwa na mkebe mzito wenye mawe ya kijivu ya kabaidi, wengine husema kabaiti, yanayodondoshewa maji kidogo kidogo. Jiwe likiguswa na maji linachemka, linatoa joto na gesi. Gesi inapita kwenye bomba hadi chini ya pipa dogo, nalo linapanda polepole kama mzee anayeinuka kitini. Ukichomelea, linashuka. Mawe yakiisha nguvu yanabaki uji mweupe wa chokaa. Hatukuutupa. Shina la mwarobaini, mawe ya mpaka na nusu ya ukuta wa jirani vilipakwa chokaa yetu, na jirani alikuwa akishukuru.

Pwani haikuyajua mawe hayo jana. Taa ya karabai, ile waliyokwenda nayo wavuvi wa dagaa usiku, enzi zangu iliwaka kwa mafuta ya taa na pampu, lakini jina lake, nisikiavyo mimi, ni la kabaidi: taa za kwanza za namna hiyo ziliwashwa kwa gesi ya mawe. Taa ilibadilika tumbo, jina likabaki.

Baba mdogo hakufundisha, alikataza. Mkono wenye grisi usiguse koki ya oksijeni. Mtungi wa gesi usilazwe. Kipande cha bomba la shaba nyekundu kisiungie mpira wa gesi, hata kwa dakika moja. Wakati wa kutumia mtungi, mshale wa presha usivuke mstari aliouchora kwenye kioo cha geji kwa rangi ya kucha ya mama mdogo. Ufunguo usitoke kwenye shingo ya mtungi mpaka kazi iishe. Wauza ndizi walipokuja jioni kuomba vipande vya kabaidi, maana gesi hiyo huivisha ndizi mbichi haraka, aliwafukuza kama wezi. Ukiuliza kwa nini, alijibu, "Kwa sababu nimesema." Ukiuliza tena ulipewa ufagio.

Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa bawabu. Kati ya pipa na mpira wa kuchomelea palikuwa na kopo la chuma, refu kama chupa ya chai, lenye maji ndani. Gesi iliingia kwa bomba lililozama hadi karibu na kitako cha kopo, ikapanda kwa mapovu, ikatokea juu kwenda kwenye mpira. Kwenye ubavu wake kulikuwa na koki ndogo: kila asubuhi uliifungua, ukatia maji juu mpaka yamwagike hapo, ukaifunga. Kopo hilo baba mdogo alililipa heshima ya mtu. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, na neno la pili likawa, "Bawabu amekunywa?"

Mimi nilikuwa mtoto wa shule, hata kama shule yenyewe ilikuwa imenikataa. Nilikuwa nimeambiwa kila jambo lina sababu yake, na lisilo na sababu ni ushirikina. Nilimtazama yule mzee na kopo lake nikamweka kundi moja na wanaotema mate bundi akilia. Jumatano moja nilisahau kumnywesha bawabu. Tulichomelea siku nzima, hakikutokea kitu. Alhamisi sikusahau. Niliamua kuona. Nilipoulizwa nikasema, "Amekunywa, baba," tukachomelea siku nzima, hakikutokea kitu.

Ijumaa, wenzangu wawili waliondoka na baba mdogo kwenda msikitini. Nilibaki nimalize madigadi ya Land Rover ambayo mwenyewe angekuja kuichukua alasiri. Nilitakiwa kuwafuata, nilisema nitachelewa kidogo. Chuma kilikuwa na kutu, cheche zilikuwa zikiruka, ncha ya tochi ikawa inaziba. Badala ya kuzima na kuisafisha kwa waya, niliisugua kwenye chuma chenyewe, moto ukiwaka. Tochi ikapasuka, pa! kama fataki, ikazimika. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Tulilizoea kama kupiga chafya. Nikaiwasha tena. Ikapasuka tena, na safari hii ilianza kupiga mluzi, mluzi mwembamba wa ndani, na mpini ukawa wa moto mkononi mwangu.

Najua sasa kwamba mluzi ule ni moto unaowaka ndani ya tochi badala ya nje. Najua kwamba mtu aliyefundishwa hufunga oksijeni mara moja, kisha gesi. Mimi niliinua kichwa nione nani anapiga mluzi.

Baba mdogo alikuwa anaingia, amevaa kanzu, kofia ya kiua mkononi anajipepea. Alisikia kabla yangu. Alinipigia kelele, "Funga!" na akakimbilia pipa, si kulikimbia. Hilo nimelifikiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa anakwenda kufunga koki ya kwenye bawabu.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka pipa dogo likiwa juu ya bati la jirani, na mvua nyeupe. Chokaa ilikuwa imemwagika kila mahali, juu ya mwarobaini, juu ya Land Rover, juu ya kanzu ambayo tayari ilikuwa nyeupe, na baba mdogo amekaa chini kama mtoto, mikono yote miwili usoni. Mimi nilisimama. Aliyefanya kitu alikuwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Alikuja na ndoo yake ya kuoshea vyombo, akamshika baba mdogo kisogo, akamlaza kichwa nyuma, akaanza kummiminia maji machoni kwa kopo, kopo baada ya kopo. Ndoo ilipoisha alinitukana nikaenda kuchota nyingine. Alipigana na vidole vyake kuyafungua yale macho. Kwenye hospitali ya mkoa daktari aliuliza nani aliyeosha, kwa sababu chokaa mbichi hula jicho kimyakimya, na kila dakika ina thamani. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu kama kioo cha bafuni, na sikio la upande huo likafa.

Hakuniuliza kuhusu bawabu. Alirudi gereji baada ya mwezi na nusu, akajenga pipa jingine, na asubuhi ya kwanza alikwenda kutia maji mwenyewe. Akaendelea hivyo kila siku mpaka nilipoondoka. Ningependa angenipiga.

Mwaka 1996 niliingia chuo cha ufundi, na katika wiki ya tatu mwalimu alichora ubaoni kopo lenye maji na bomba lililozama. Nilimtambua bawabu kabla hajamaliza kuchora. Gesi ya pipa, alisema mwalimu, haina nguvu. Inasukumwa na uzito wa pipa linaloelea tu. Oksijeni inatoka kwenye mtungi uliojazwa kwa presha ya bar 150 hivi, na hata ikipunguzwa na regyuleta bado ni mbabe. Ncha ya tochi ikiziba, oksijeni hutafuta njia nyingine, na njia iliyo wazi ni ya gesi. Inarudi nyuma kwenye mpira, inachanganyika na gesi njiani, na moto unaifuata kwa mbio ambazo hakuna mkono unaoweza kuziwahi. Kama katikati kuna maji, yanasukumwa kwenye bomba la kuingilia na kuliziba. Moto unafika kwenye maji na kufia hapo. Kama maji hayapo, vyote viwili vinaendelea hadi pipani.

Kwa hiyo siku mbili zile ambazo "hakikutokea kitu" hazikuthibitisha chochote. Bawabu hana kazi siku mgeni mbaya asipokuja.

Mwaka ule niliipata sababu ya kila mwiko, mmoja baada ya mwingine, na kila sababu ilinipiga kofi. Grisi na mafuta vikikutana na oksijeni yenye presha vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Shaba nyekundu hufanya na asetilini chumvi ambayo ikikauka hulipuka kwa kuguswa tu. Ndiyo maana viungo vya gesi ni vya shaba iliyochanganywa, na hata mchanganyiko huo una kipimo. Kabaidi huwa na chembe za arseniki na fosforasi, na wale wauza ndizi walikuwa wanataka kuzifunga pamoja na chakula cha watu. Ufunguo unabaki shingoni mwa mtungi ili siku ya moto usianze kuutafuta. Hata nati za gesi, ambazo baba mdogo alisema "zimelaaniwa" kwa sababu zinafungwa kinyume, zimefanywa hivyo kwa makusudi: zina mikato midogo kwenye pembe zake na hesi za kushoto, ili asiwepo mtu, hata gizani, wa kufunga mpira wa gesi kwenye oksijeni.

Na ule mstari wa rangi ya kucha ulikuwa kwenye psi 15, yaani bar moja na kidogo hivi. Asetilini iliyo huru ikibanwa kuzidi hapo inaweza kuvunjika yenyewe kuwa kaboni na haidrojeni, kwa joto kali, bila hewa na bila moto. Gesi nyingi zinahitaji hewa ili ziwake. Hii inajitosheleza.

Mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi: basi inakuwaje kiwanda kinaijaza mtungini kwa presha ya bar 17 au zaidi? Jibu ndilo lililonifanya niupende ufundi huu, baada ya kuuogopa. Mtungi wa gesi hauko mtupu ndani. Umejaa kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno, mfano wa jiwe la kusugulia miguu, na vitundu hivyo vimenyweshwa asetoni. Asetilini inayeyuka ndani ya asetoni kama sukari kwenye chai, na ikiwa imegawanywa hivyo kwenye vitundu vidogo haiwezi kuanza fujo kirahisi. Wafaransa wawili, Georges Claude na Albert Hess, ndio walioonyesha mwaka 1897 kwamba asetoni inaweza kuibeba. Kabla ya hapo watu walijaribu kuibana kama gesi nyingine, na karakana zao zikapaa. Ndiyo maana mtungi haulazwi: ukiulaza na kuutumia, asetoni inatoka na gesi, na vitundu vinabaki bila kinywaji. Ndiyo maana pia hutakiwi kuunyonya kwa pupa, tochi tatu kwa mpigo.

Kuna Msweden ambaye nilimfikiria sana nikiwa chuoni. Gustaf Dalén alitengeneza taa za asetilini kwa ajili ya minara na maboya ya baharini, na akabuni valvu inayozima taa yenyewe jua likichomoza na kuiwasha likizama. Mabaharia wangapi walifika nyumbani kwa sababu yake, sina hesabu. Mwaka 1912 alikuwa akijaribu usalama wa mitungi, ukalipuka, akapofuka macho yote mawili. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kaka yake, daktari wa macho, ndiye aliyekwenda kuipokea. Dalén aliendelea kuongoza kampuni yake akiwa kipofu hadi alipofariki mwaka 1937. Niliisoma habari hiyo mara mbili, kisha nikafunga kitabu nikatoka nje. Huyu aliujua mtungi kuliko mtu yeyote duniani. Baba mdogo alijua kopo moja la maji. Na wote wawili walikuwa wanakwenda kuielekea hatari.

Likizo nilikwenda Tanga na daftari langu. Nilimchorea baba mdogo kopo, bomba, mishale ya oksijeni inayorudi. Aligeuza karatasi upande wa jicho zima, akaangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo si bawabu," alisema. "Ni mto. Moto wa nyika ukifika mtoni unasimama."

Nilimwambia kilichotokea Jumatano ile, Alhamisi ile na Ijumaa ile. Sauti ilikuwa inanitetemeka. Alisikiliza, akaikunja karatasi mara nne kama kaka yake, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Nilijua," alisema. "Kopo wenzako waliniletea kesho yake. Lilikuwa kavu, na lilikuwa na kutu ya siku tatu."

Nikamuuliza, na hasira yangu ilinishangaza, mbona hakuwahi kuniambia kwa nini. Mbona hakusema neno moja tu, kwamba oksijeni inarudi nyuma? Alicheka kwa upande mmoja wa uso, upande uliopona.

"Na mimi nani aliniambia? Kalasinga alinipiga kofi, nikajaza maji."

Habari za mtungi alikataa katakata. Kwamba ndani ya chuma kile kuna jiwe lenye vitundu, alisema ni hadithi za walimu wanaotafuta mshahara. Aliugonga kwa kucha, akasikiliza, akatikisa kichwa. Wiki mbili baadaye nilipita gereji bila taarifa nikamsikia akimfokea kijana mpya: "Usiulaze! Utamwaga dawa yake!"

Watu wakijua nilikopitia huniuliza kuhusu mitungi ya jikoni. Huwa najibu kwa ufupi, kwa sababu ile ni gesi nyingine yenye tabia nyingine. Ya jikoni ni nzito kuliko hewa: ikivuja inalala sakafuni, inaingia chini ya kabati, inakusubiri, na imetiwa harufu makusudi ili uijue. Ya kwangu ni nyepesi kidogo kuliko hewa na inapanda. Ya jikoni inawaka ikiwa kati ya sehemu 2 na 10 hivi katika kila 100 za mchanganyiko wake na hewa. Asetilini huanzia 2.5 na kuvuka 80, yaani karibu kila mchanganyiko unafaa. Lakini kuvuja kote kunapimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti, na nimeona kwa macho yangu mtu mwenye shahada akipima kwa kiberiti. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034, jambo jema, na mitungi itaingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuwa nayo. Natamani kila mtungi ungekwenda na mtu mmoja wa kueleza, si wa kukataza. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, watu wakafa na nyumba zikaungua. Nilizima redio kabla habari haijaisha.

Lakini nilitaka kusimulia ya mwaka 2009.

Nilikuwa msimamizi wa wachomeleaji kwenye yadi moja Dar es Salaam. Tulikuwa tunakata vyuma chakavu. Siku hizi bawabu si kopo la maji, ni kidude cha chuma kidogo kama kidole gumba kinachofungwa kwenye regyuleta na kwenye tochi, kinachozuia moto usirudi. Asubuhi moja niliwakuta vijana wanakata kwa tochi mbili kutoka mtungi mmoja, na vile vidude havipo. Vilikuwa sandukuni, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa. "Vinabana gesi, mkuu," aliniambia kijana mmoja, tena kwa kujiamini. Alikuwa mwerevu kuliko wenzake wote. Ndiye niliyekuwa nafikiria kumpandisha. Nilimtazama nikaona mtu ninayemfahamu.

Kabla sijafungua mdomo, tochi ya pili ilipiga mluzi.

Safari hii nilijua. Oksijeni ilifungwa, gesi ikafungwa, mpira ulikuwa umeungua kama dhiraa moja. Hakuna aliyeumia, vijana wakaanza kucheka kwa ahueni. Niliweka kiganja kwenye bega la mtungi. Ulikuwa na joto. Jua lilikuwa bado halijafika upande ule, na mtungi unaotoa gesi hupoa, haupati joto. Joto lile lilikuwa linatoka ndani. Gesi ilikuwa imeanza kujivunja yenyewe, na jiwe lile lenye vitundu ndilo pekee lililokuwa linaichelewesha.

Yule kijana mwerevu akasema, "Tuubebe tuutupe kule uwanjani." Tayari alikuwa ameushika shingo. Sijawahi kumpigia mtu kelele namna ile. Mtungi wenye joto la ndani hautikiswi, haubebwi, haufunguliwi kupunguza presha. Unaachwa, watu wote wanaondoka mbali na kujikinga nyuma ya kitu kizito, na maji yanamwagwa kutoka mbali. Tuliwaita zimamoto, tukafunga mpira wa maji kwenye stendi ya kontena ukielekezwa kwenye mtungi, tukatoka yadi nzima, na mama wa chakula pale getini naye akafunga meza yake akinung'unika.

Bosi alikuja saa sita mchana. Aliona mtungi mmoja umesimama peke yake katikati ya yadi unaoga, na watu arobaini wamekaa chini ya miti ng'ambo ya barabara. Aliuliza mpaka lini. Nilimwambia mpaka kesho wakati kama huu; nilivyofundishwa mimi ni saa 24. Alinihesabia malori yaliyokuwa yanasubiri, moja moja, kwa vidole. Sikuwa na la kumwonyesha. Mtungi ulikuwa mzima, rangi yake nzuri, haukutoa hata sauti.

Usiku sikulala. Nilijilaza kwenye kibanda cha mlinzi, nikisikia maji. Saa tano nilimpigia baba mdogo simu Tanga, kwa sababu ilikuwa lazima nimpigie mtu. Nilimweleza yote, nikipaza sauti kwa ajili ya sikio lake. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha.

"Umeunywesha?" aliuliza.

"Naunywesha tangu asubuhi, baba."

"Haya."

Kulipokucha, zimamoto waliridhia tufunge maji kwa muda tutazame. Kipimo ni rahisi, hata mtoto anaweza kukifanya akiwa mbali, kwa darubini: chuma kikiwa bado na moto ndani, maji yanafuka mvuke, au sehemu moja inakauka upesi kuliko nyingine. Tulitazama. Yule kijana alikuwa kando yangu; usiku kucha hakuwa ameniuliza kitu, na sasa aliuliza kwa sauti ndogo, "Mkuu, ndani yake mna nini hasa?" Niliokota kipande cha mkaa, nikaanza kumchorea ukutani lile jiwe lenye vitundu.

Bosi alisimama nyuma yetu, funguo za gari zikilia mkononi. "Si unaona," alisema. "Haukuwa na kitu."

Mtungi ulikuwa bado umelowa, kuanzia shingo hadi kitako, hakuna mahali palipokauka. Nikaendelea kuchora.